Kidoko si Kelele Tu

Majuzi, katika ukumbi wa mihadhara, nilimwomba mwanafunzi anayesomea ualimu wa Kiswahili atafsiri sentensi ya Kiingereza yenye neno 'click'. Aliandika 'kukliki'. Nilipomuuliza sababu, alijibu bila kusita: "Neno hilo halina Kiswahili, Mwalimu." Jibu hilo limenikosesha usingizi, maana hivi karibuni kijana huyo atasimama mbele ya darasa na kuwarithisha wengine imani hiyo.

Neno 'click' ni tanakali ya sauti. Huiga mlio mfupi na mkavu, kama wa kufuli likifungwa au swichi ikiwashwa. Kutokana na mlio huo, Waingereza wamelitanua neno lao: hulitumia kwa kipanya cha kompyuta, kwa watu wawili waliopatana punde walipokutana, na kwa jambo lililoeleweka ghafla.

Kiswahili kilifuata njia nyingine. Kwenye kompyuta twasema 'bofya', kitenzi kilichokuwako kabla ya mashine hizo. Mnunuzi wa parachichi katika soko la Nakuru hulibofya tunda kwa kidole ili ajue kama limeiva. Kiingereza kilisikiliza mlio. Kiswahili kilitazama kidole. Watu waliopatana, twasema wameivana. Jambo lililoeleweka, twasema limemwelea mtu. Mlango nao hufungwa ndi! Je, huo ni umaskini wa lugha? La hasha!

Fauka ya hayo, lugha yetu ina jina la mlio wenyewe unapotoka kinywani: kidoko. Msomaji akisimama kando ya barabara kule Njoro, atamsikia mwenye mkokoteni akimhimiza punda wake kwa kupiga kidoko kwa ubavu wa ulimi. Mama naye, akipata habari ya msiba, hupiga kidoko cha huzuni ulimi ukiwa nyuma ya meno. Kwetu sisi, milio hiyo huishia hapo, haiundi maneno.

Kwa majirani zetu mambo ni tofauti. Wahadzabe wanaoishi karibu na Ziwa Eyasi nchini Tanzania wana aina tatu za vidoko, na kila aina ni konsonanti kamili kama 'k' au 't' yetu. Wasandawe wa Dodoma pia wanavyo. Hapa Kenya, Kidahalo cha pande za Lamu kina vidoko katika maneno machache, na wasemaji wake wamebaki wachache mno. Kusini mwa Afrika, Kixhosa na Kizulu, ambazo ni lugha za Kibantu kama Kiswahili, zilipata vidoko kwa kutangamana na lugha za Wakhoisan. Basi mlio wa kumhimizia punda hapa kwetu ni herufi ya heshima kwingineko. Anayeuita kelele huwadharau watu wanaoutumia kuwaita watoto wao.

Walimu wenzangu, mwanafunzi akiuliza Kiswahili cha 'click', tusimpe neno moja akariri kwa ajili ya mtihani. Tumuulize kwanza: ni kidole kilichobonyeza, ni ulimi uliolia, au ni moyo ulioridhika? Akishajibu, Kiswahili atakipata mwenyewe. Lugha haikukosa neno. Sisi ndio tuliokosa kuuliza.