Babu, toka benchi uingie uwanjani!

SAA 11 jioni Zagayu haina tofauti na saa 11 ya kijiji kingine chochote cha Usukumani. Ng'ombe wanarudi, vumbi linatimka, vijana wenye viatu vya mpira wanafunga kamba na wasio navyo wanaingia peku. Pembeni ya uwanja, chini ya mti, wapo wazee. Hao ndio makocha, ndio marefa wa mdomoni, ndio wanaokumbuka nani alivaa namba 9 kabla hajazaliwa baba wa yule dogo anayepiga danadana pale kati.

Kazi yao ni moja tu, kukaa na kulaumu pasi. Tatizo lipo kwenye huko kukaa.

Zagayu ni kata ya Wilaya ya Itilima mkoani Simiyu, ingawa kwa mazoea wengi bado wanaihesabu Bariadi, kwa sababu Itilima ilimegwa kutoka huko. Ni nchi ya pamba na ng'ombe. Mwambie mzee wa huku kwamba anahitaji mazoezi, atakucheka mpaka kofia imdondoke. Jembe kalishika tangu utotoni, mnadani anakwenda kwa mguu au kwa baiskeli. Mazoezi gani tena, mjukuu wangu?

Kwa sehemu babu ana hoja, na wanasayansi wako upande wake. Watafiti waliokwenda kwa Wahadzabe, kabila la wawindaji ambalo baadhi yao wanaishi Meatu, ndani ya Simiyu hii hii, waliwavalisha vifaa vya kupima mapigo ya moyo. Matokeo yaliyotoka mwaka 2017 yalionyesha kwamba Mhadzabe anatumia zaidi ya saa mbili kwa siku akiwa kwenye shughuli za kumtoa jasho, na hata wazee wao hawapunguzi kasi sana. Presha kwao ilikuwa ya nadra.

Mechi ya pili, babu anafungwa.

Wilaya ya Hai, Kilimanjaro, watafiti waliwapima zaidi ya wazee 2,200 wenye miaka 70 na kuendelea, watu wa vijijini kama wa Zagayu. Karibu saba kati ya kila kumi walikutwa na shinikizo la juu la damu, na wengi walikuwa hawajui kabisa kama wanalo. Hao nao ni watu wa shamba. Kwa hiyo jembe pekee halimkingi mtu, hasa kama chumvi mezani ni ya kumwaga na kipimo cha presha hajawahi kukiona tangu azaliwe.

Kuna na hili la msimu. Pamba inataka nguvu kwenye kupanda, kupalilia na kuvuna. Mavuno yakishauzwa, mpaka mvua za kupandia zirudi, mzee anaweza kukaa miezi mizima akihamisha kigoda tu kufuata kivuli. Mchezaji gani anakaa nje ya mazoezi kiasi hicho halafu akarudi fiti?

MTIHANI WA CHOO

Wakati mashabiki tunabishana nani ana pumzi ya dakika 90, kwa mzee kuna mtihani mgumu zaidi, na unafanyika chooni. Choo cha shimo kinataka uchuchumae na uinuke mwenyewe. Siku babu akishindwa kuinuka, hata kama ana akili timamu na ng'ombe hamsini zizini, uhuru wake umekwisha. Kuanzia hapo kila safari ya choo anahitaji mjukuu wa kumshika mkono, na wazee wengi hawalisemi hili kwa aibu. Wanapunguza kula na kunywa maji ili wasiende mara kwa mara, kumbe wanazidi kudhoofika.

Nguvu ya kuinuka inatoka kwenye mapaja na makalio, misuli ile ile ambayo beki anaitumia kuruka kichwa. Misuli hiyo hupungua umri unavyokwenda, ila mazoezi huirudisha hata kwa mtu wa miaka 70.

Tuwarudie Wahadzabe kidogo. Utafiti mwingine uliotoka mwaka 2020 ulikuta kwamba nao wanapumzika karibu saa 10 kwa siku, sawasawa na watu wa nchi tajiri wanaokaa maofisini. Tofauti ni namna ya kupumzika. Wao sehemu ya muda huo wanachuchumaa au wanapiga magoti, na misuli ya miguu inaendelea kufanya kazi wakati wenyewe wanapiga soga. Kiti cha plastiki, kile kinachoonekana ni heshima kumletea mzee, kinailaza misuli hiyo.

Kipimo rahisi cha nyumbani kipo. Mzee akae kwenye kiti, akunje mikono kifuani, ainuke na kukaa mara nyingi awezavyo ndani ya sekunde 30. Asiyeweza kuinuka hata mara moja bila kushika kitu, huyo ndiye wa kuanza naye, taratibu, mtu akiwa karibu.

DAKTARI ANAITWA MPIRA

Chuo Kikuu cha Copenhagen, Denmark, kiliwachukua wanaume wa miaka 63 hadi 75 wasio na mazoea ya mazoezi na kuwachezesha mpira saa moja, mara mbili kwa wiki. Baada ya miezi minne, uwezo wa mwili kutumia hewa ya oksijeni ulipanda kwa asilimia 15. Kwenye mbio za kukimbia na kusimama, walipanda kwa asilimia 43. Utendaji wa misuli ukapanda kwa asilimia 30, na mfupa wa shingo ya paja, ule unaowavunjika wazee wakidondoka, ukaongezeka uimara.

Sababu inaeleweka kwa yeyote aliyewahi kucheza. Mpira una kukimbia, kusimama, kugeuka, kusukumana kidogo na kuruka, vyote ndani ya dakika moja. Tena una kucheka, na mtu anarudi kesho kwa sababu jana alipigwa tobo na anataka kulipa kisasi.

Sasa, hapa inabidi veterani wetu waambiwe ukweli. Bonanza la mwaka mara moja, mtu ana kitambi, hajapasha misuli, anaingia dakika 90 jua la saa nane, halafu anamalizia na nyama choma na kreti mezani, hilo halina utafiti wowote unaolitetea. Ndiyo njia ya kutoka uwanjani umebebwa.

Waingereza walipata dawa ya hilo mjini Chesterfield mwaka 2011, walipoanzisha mpira wa kutembea. Ukikimbia, refa anapuliza filimbi, faulo. Uwanja mdogo, watu wachache kila upande, mpira wa chini.

Akina bibi wasidhani wameachwa. Limpopo, Afrika Kusini, kuna timu inaitwa Vakhegula Vakhegula, ya mabibi watupu, iliyoanzishwa na mama Beka Ntsanwisi. Mwaka 2010 mabibi hao walipanda ndege mpaka Massachusetts, Marekani, kucheza mashindano ya maveterani. Wapo straika wa Ligi Kuu ambao hawajafika huko.

Na kama mpira haumpandi mtu, Msukuma ana ngoma. Bugobogobo, ngoma ya jembe, ni mazoezi kamili ya miguu, kiuno na mizania ya mwili. Shirika la Afya Duniani linashauri watu wa miaka 65 na kuendelea wafanye mazoezi ya nguvu na mizania siku tatu au zaidi kwa wiki, juu ya dakika 150 za kutembea kwa kasi. Uchambuzi wa tafiti nyingi uliotolewa mwaka 2019 ulionyesha kwamba mazoezi yanapunguza kuanguka kwa wazee kwa karibu robo.

Kuanzisha kwenye uwanja wa kijiji hakuna gharama ya kutisha. Kwanza zahanati, kila mmoja apimwe presha, na mwenye maumivu ya kifua au kizunguzungu asicheze mpaka aonane na mganga. Halafu siku mbili za wiki, nusu saa kabla vijana hawajaingia, jua likiwa limepoa. Dakika kumi za kupasha, kutembea na kuchuchumaa huku wameshika mti. Mawe manne yawe magoli, watano kwa watano, marufuku kukimbia, marufuku kuteleza miguuni kwa mtu. Maji ya kunywa yawe karibu.

Refa achukuliwe kati ya vijana, awe na moyo mgumu. Atakapompulizia babu yake mwenyewe filimbi kwa kosa la kukimbia, ajiandae kusikia habari za mwaka ambao babu huyo aliwapita mabeki watatu peke yake.