Bati la Mwanga ni Shimo Lililofunikwa

Ingia saa sita mchana kwenye ghala la Vingunguti, Dar es Salaam, au la eneo la viwanda jijini Nairobi. Taa zimezimwa, lakini sakafuni kuna mistari ya jua lililopenya kwenye mabati ya plastiki, yaliyopigwa hapa na pale katikati ya mabati ya chuma. Sasa panda juu na fundi aliyeitwa kuziba paa linalovuja. Huku, ile mistari huioni. Vumbi na ukungu vya miaka vimeifananisha plastiki na chuma, mgongo kwa mgongo.

Bati la namna hiyo mara nyingi ni nyuzi za kioo zilizoshikwa na gundi ya poliesta. Miale ya urujuanimno hukata minyororo ya molekuli za gundi hiyo. Bati hugeuka njano, nyuzi hujitokeza, unyumbufu unaisha. Linaweza kuvumilia masika kumi na tano, kwa kuwa mvua hutandaza uzito wake, kisha likapasuka kwa kisigino kimoja. Kutoka paa la mita 8, mtu hufika chini kwa sekunde 1.3, na huipiga zege kwa mwendo wa kilomita 45 kwa saa.

Wengi hapo husema: mvalishe mkanda. Tufanye hesabu kwanza.

Mkanda wa mwili mzima huungwa kwa kamba, kwa kawaida ya mita 2, yenye kifaa kinachofanya kazi ya shokapu: hukunjuka taratibu ili nguvu inayomvuta fundi isizidi kilonyutoni 6, sawa na uzito wa kilo 600 hivi. Kifaa hicho kinaweza kurefuka hadi mita 1.75. Kutoka pale kamba inapoungwa mgongoni hadi kwenye nyayo ni kama mita 1.5. Ongeza mita 1 ya akiba. Jumla, mita 6.25 kutoka pale kamba ilipofungwa. Ghala lenye paa la mita 5 halina nafasi hiyo: fundi anaweza kugonga sakafu huku shokapu ikiendelea kukunjuka. Na chini kukiwa na rafu za mizigo, hata paa la mita 8 halitoshi.

Kuna kamba fupi, inayomzuia fundi asifike penye hatari kabisa. Hiyo hufaa sana ukingoni mwa paa. Lakini mabati ya mwanga yametapakaa katikati, na kamba inayomfikisha kwenye mfereji wa maji mara nyingi inamfikisha na kwenye plastiki.

Ndiyo maana uchaguzi huanzia kwenye shimo lenyewe. Kazi inayoweza kufanyika kutoka chini, kwa ngazi au mashine ya kunyanyulia, ifanyike huko. Ikibidi kupanda, bati la mwanga lifunikwe kwa wavu wa chuma uliofungwa imara, au lizungushiwe uzio, na fundi atandikiwe mbao za kutembelea zinazokaa juu ya papi. Wavu na uzio humlinda hata aliyesahau, hata kibarua aliyeanza kazi leo. Mkanda humlinda aliyeuvaa sawasawa, akaufunga kwenye nguzo au kenchi iliyothibitishwa kubeba mshtuko, mbali na makali ya bati yanayokata kamba. Tena wawepo watu wa kumshusha upesi, maana anayening'inia bila kusogeza miguu damu humkwama miguuni, na anaweza kuzirai.

Ulinzi wa kwanza kabisa hauhitaji kununuliwa. Kabla ya kuegesha ngazi, mwingize fundi ndani ya ghala. Atazame juu, ahesabu mistari ya mwanga, achore kila mmoja uko kenchi ya ngapi. Akipanda, karatasi hiyo itamwonyesha kile ambacho vumbi limekificha.