Amri ya tiba isipite muda wa maradhi

SIFA njema zote zinamstahiki Mwenyezi Mungu, aliyempa mwanadamu akili na kwa akili hiyo akambebesha wajibu. Mtume (S.A.W.) ametufundisha kuwa mwenye wazimu haandikiwi dhambi mpaka apate nafuu. Neno hilo “mpaka” ndilo ninaloomba tulitazame leo.

Ndugu msomaji, sisi wa Dodoma tumelizoea jina la Mirembe tangu utotoni, tena kwa mzaha usiofaa. Hospitali hiyo ilianzishwa katika miaka ya 1920, na jirani yake ipo Isanga, wanakopelekwa wagonjwa walioletwa kwa amri ya mahakama. Chini ya Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai, mahakama ikiridhika kwamba mshitakiwa alitenda jambo hali akili yake imeondoka, humtamka kuwa hana hatia, kisha huamuru ahifadhiwe. Huko ndani dawa hutolewa kwa saa. Mtihani huanza anaporejea Kondoa au Manyoni. Sindano ya kila mwezi imefika, nauli hakuna, msimu wa kulima umewadia, na mwenyewe akijiona mzima haoni haja ya dawa. Nimeketi katika vikao vya familia vya namna hiyo. Aghalabu huishia kwa mama kuachiwa mzigo peke yake.

Wenzetu wamejaribu kuifanya amri ya mahakama imfuate mgonjwa nyumbani. Jimbo la New York lilitunga sheria hiyo mwaka 1999, baada ya mgonjwa kumsukuma binti aitwaye Kendra Webdale mbele ya treni. Amri ya kwanza haikuzidi miezi 6. Sasa yaweza kufika mwaka mmoja, na jaji aweza kuirefusha. Asiyetii hadungwi sindano kwa nguvu nyumbani kwake, bali hupelekwa hospitali kuchunguzwa kwa saa zisizozidi 72. Sheria yenyewe ina ukomo: mwaka 2022 ilisogezwa mbele hadi 2027.

Uingereza ilianza utaratibu wa jinsi hiyo mwaka 2008, ila huko daktari ndiye hurefusha. Utafiti uliotolewa mwaka 2013 ulilinganisha wagonjwa 333, baadhi wakiwa chini ya amri hiyo na wengine chini ya ruhusa fupi ya kutoka hospitali. Waliorudi wodini ndani ya mwaka mmoja walikuwa asilimia 36 kwa kila upande. Basi tusidhani karatasi ya mahakama inaponya.

Mafakihi wa madhehebu ya Imamu Shafii wanasema mwenye wazimu huzuiwa kutumia mali yake, na walii humsimamia. Akirudiwa na akili, kizuizi huondoka chenyewe, hakingoji hukumu ya kadhi. Ama mfujaji aliyezuiwa na kadhi, huyo hufunguliwa na kadhi. Kwa kipimo hicho, anayetaka kurefusha amri ya tiba ndiye alete ushahidi kwamba maradhi yapo. Mgonjwa asidaiwe kuthibitisha kuwa amepona.

Mimi ningeunga mkono amri ya namna hiyo kwetu, mradi iwe na tarehe ya mwisho, na imfunge mtoa tiba kama inavyomfunga mgonjwa, dawa ziwepo katika kituo cha karibu. Kumwamuru maskini wa Kondoa afuate sindano Mirembe, kilomita zipatazo 160, ni kumwandalia kosa kabla hajalitenda.