Kidole tumbo kikikatwa: Uzi au mashine?

Je, umeambiwa wewe au mtoto wako anahitaji kutolewa kidole tumbo kwa upasuaji wa matundu? Basi kuna jambo moja ambalo wagonjwa wengi hawaulizi: kikishakatwa, mahali kilipokuwa hufungwa kwa nini?

Kidole tumbo ni kijifuko chembamba kilichoota mwanzoni mwa utumbo mpana, chini ya tumbo upande wa kulia. Kikiziba huvimba, huoza na hata kupasuka. Daktari hukikata, lakini kigutu kinachobaki ni mlango wa utumbo. Kikiachia, uchafu huvuja tumboni na maisha huwa hatarini.

NJIA ZENYEWE

Katika upasuaji huu daktari hutoboa matundu madogo, aghalabu matatu, akaingiza kamera na vyombo vyembamba. Kurt Semm wa Ujerumani, aliyekuwa daktari wa magonjwa ya wanawake, ndiye aliyeuanzisha kwa kidole tumbo mwaka 1980. Yeye alifunga kwa kitanzi cha uzi.

Hadi leo kitanzi hicho kinatumika. Huvishwa kwenye shina la kidole tumbo kisha hukazwa kwa kijiti. Wapo madaktari wanaofunga fundo wenyewe nje ya mwili kwa uzi wa kawaida, wakalisukuma ndani. Hiyo ni njia rahisi zaidi kwa gharama.

Ya pili ni kibanio cha plastiki kinachojifunga. Hufaa shina lisipokuwa nene sana.

Ya tatu ni stepla, mashine inayopiga safu za pini na kukata papo hapo. Ni ghali kuliko zote.

IPI BORA?

Mwaka 2017, shirika la Cochrane lilichapisha matokeo ya majaribio manane yaliyohusisha wagonjwa 850. Vifaa kama stepla na vibanio viliokoa kiasi cha dakika tisa. Lakini kwa jumla ya madhara baada ya upasuaji, havikuupita uzi. Watafiti walionya kwamba ushahidi wenyewe haukuwa wa nguvu.

Kwa hivyo usihofu ukiambiwa utafungwa kwa uzi. Stepla ina kazi yake hasa pale shina lenyewe limevimba mno au limeoza, kwa maana uzi hukata nyama iliyooza. Muhimu pia ni kigutu kisizidi nusu sentimita, kwani kirefu chaweza kuugua tena.

USICHELEWE

Shina huoza kwa kuchelewa. Maumivu yakianzia kitovuni, yakahamia chini kulia, ukatapika na kukosa hamu ya chakula, usinywe haluli wala mafuta ya mbarika. Dawa za kuharisha zinaweza kuharakisha kupasuka.

Mkaazi wa Likoni, usingoje kupambazuke ndipo uvuke feri. Nenda hospitali ya Likoni usiku huo huo. Wa Changamwe, Port Reitz iko karibu. Wa Kisauni naye asikae nyumbani akimeza vidonge vya maumivu. Ikibidi, utapelekwa Hospitali Kuu ya Pwani kisiwani.

Kabla ya kutia sahihi, muulize daktari: utanifunga kwa nini, kwa sababu gani, na gharama yake ni kiasi gani? Ni haki yako kujibiwa.