Kujitolea Katika Maonesho ya Historia Hai: Nafasi ya Mwananchi Kurithi Ufundi wa Asili

Na Mwandishi Wetu, Kikatiti

KATA ya Kikatiti, iliyopo katika Halmashauri ya Wilaya ya Meru mkoani Arusha, inapitiwa na barabara kuu ya Arusha hadi Moshi. Kupitia barabara hiyo bidhaa za viwandani huwafikia wananchi kwa wepesi na kwa bei nafuu. Ndoo ya plastiki imechukua nafasi ya kibuyu, bati limechukua nafasi ya nyasi, na kamba ya nailoni imechukua nafasi ya kamba ya mgomba. Mabadiliko hayo yamepunguza kazi nzito nyumbani, na hakuna sababu ya kumlaumu mwananchi aliyeyapokea. Hata hivyo, kila kifaa cha asili kinapoacha kutumika, huondoka pamoja na ujuzi wa kukitengeneza, na ujuzi huo haumo katika kitabu chochote. Umo mikononi mwa wazee.

Makala haya yanaeleza namna mwananchi wa kawaida anavyoweza kushiriki katika kuulinda ujuzi huo kwa kujitolea kwenye maonesho ya historia hai, na mambo anayopaswa kuyazingatia kabla ya kuanza.

Maana ya historia hai

Historia hai ni utaratibu wa kuonesha maisha ya zamani kwa vitendo. Badala ya mtazamaji kusoma maelezo yaliyobandikwa kando ya kabati la vioo, humwona mtu akifinyanga chungu, akisuka kapu, akiezeka nyumba au akipika chakula kwa namna walivyofanya mababu. Mtazamaji huuliza maswali, hushika kifaa, na mara nyingine hujaribu kazi mwenyewe.

Mfano wa awali unaotajwa sana duniani ni Skansen, makumbusho ya wazi yaliyofunguliwa mwaka 1891 jijini Stockholm, Uswidi, na Artur Hazelius. Nyumba za wakulima zilihamishiwa hapo kutoka sehemu mbalimbali za nchi hiyo, na watu wakawekwa kuonesha kazi za mikono. Katika Afrika Mashariki, Kenya ilianzisha Bomas of Kenya jijini Nairobi mwaka 1971. Hapa nchini, Makumbusho ya Taifa yanasimamia Kijiji cha Makumbusho jijini Dar es Salaam, kilichoanzishwa katika miaka ya 1960, ambako nyumba za asili za makabila mbalimbali zimejengwa katika eneo moja. Tangu miaka ya 1990, kijiji hicho kimekuwa kikiandaa siku maalumu za utamaduni, ambapo jamii husika hualikwa kuonesha vyakula, ngoma, mavazi na ufundi wake. Mkoani Mwanza, Makumbusho ya Wasukuma ya Bujora nayo yanajulikana kwa ngoma za Bulabo na kwa kuhifadhi zana za kazi za asili.

Kwa nini ujuzi ni muhimu kuliko kifaa

Kifaa kilichohifadhiwa makumbusho kinaweza kudumu kwa karne nyingi, lakini hakiwezi kumfundisha mtu namna kilivyotengenezwa. Jambo hilo lilidhihirika nchini Uganda. Usiku wa tarehe 16 Machi 2010, moto uliteketeza Muzibu Azaala Mpanga, jengo kubwa la nyasi lililopo Kasubi jijini Kampala, ambamo wamezikwa Makabaka wanne wa Buganda. Eneo hilo lilikuwa katika orodha ya Urithi wa Dunia tangu mwaka 2001, na baada ya moto liliingizwa katika orodha ya urithi ulio hatarini.

Picha na michoro ya jengo ilikuwepo, lakini haikutosha kuliezeka upya. Kazi hiyo ilihitaji watu wa ukoo wa Ngeye, ambao kwa mapokeo ya Baganda ndio wenye dhamana ya kuezeka nyumba za Kabaka, pamoja na wajuzi wa kutengeneza nguo za magome ya miti. Ujenzi ulichukua zaidi ya miaka kumi, na mwaka 2023 Kasubi iliondolewa katika orodha ya urithi ulio hatarini. Jengo liliungua lote, lakini lilirudi kwa kuwa ujuzi ulikuwa umebaki kwa watu. Kama wajuzi hao wangekuwa wamekwisha kabla ya moto, fedha na michoro visingeweza kuwarejesha.

Mkataba wa UNESCO wa mwaka 2003 wa Kulinda Urithi wa Utamaduni Usioshikika, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 2011, umejengwa juu ya msingi huo. Mkataba unataja nyanja tano za urithi usioshikika: mapokeo ya mdomo, sanaa za maonesho, mila, ibada na sherehe, maarifa yanayohusu mazingira na ulimwengu, na ufundi wa asili. Katika nyanja hizo zote, kinachopewa uzito ni urithishaji wa maarifa kutoka kizazi kimoja kwenda kingine.

Ufundi unaoweza kujifunzwa katika eneo la Mlima Meru

Wakazi wa maeneo yanayouzunguka Mlima Meru, wenye urefu wa mita 4,566, wana utajiri mkubwa wa ujuzi kwa sababu ya tofauti za mazingira. Juu mlimani kuna migomba, kahawa na mifereji ya asili ya umwagiliaji. Chini katika tambarare kuna mifugo na nyasi. Wameru, Waarusha, Wamasai na Wachaga wameishi kwa ujirani na kubadilishana bidhaa na maarifa kwa muda mrefu.

Kwanza ni utengenezaji wa vibuyu vya maziwa. Kibuyu huachwa kikomae na kukauka, hukatwa mdomo, kisha hujazwa maji kwa siku kadhaa ili nyama ya ndani ioze na uchungu utoke. Baada ya kusafishwa, kijiti cha mzeituni mwitu kinachowaka huingizwa ndani na kusuguliwa. Moshi na mkaa wake huzuia maziwa yasiharibike upesi na huyapa ladha inayofahamika kwa wafugaji. Kibuyu kikipata ufa hakitupwi, bali hushonwa.

Pili ni ujenzi wa nyumba ya msonge. Fito hufungwa kwa kamba kuzunguka nguzo, na uezekaji huanzia chini kwenda juu ili kila tabaka la nyasi lifunike kichwa cha tabaka lililo chini yake na maji yateremke bila kupenya. Moshi wa jiko lililo ndani hukausha nyasi na kufukuza wadudu; ndiyo maana nyumba ya maonesho isiyowashwa moto huoza mapema kuliko ile inayokaliwa na watu.

Tatu ni uchongaji wa mizinga ya magogo. Mringaringa ni miongoni mwa miti inayopendwa kwa kazi hiyo. Gogo huchimbwa ndani, huzibwa ncha kwa kuachiwa matundu madogo, hupakwa nta ili kuwavutia nyuki, kisha huning'inizwa mtini. Ufundi mwingine ni ufinyanzi, ususi wa vikapu, usokotaji wa kamba, ufuaji wa chuma kwa mivukuto ya ngozi, na kazi za shanga ambazo kina mama wa Kiarusha na Kimasai wanaendelea kuzifanya na kuziuza.

Hatua za kufuata

Mwananchi anayetaka kujitolea anashauriwa kuanza kama mwanagenzi kabla ya kusimama mbele ya watazamaji. Kuonesha kazi usiyoijua ni kuwapotosha watoto waliokuja kujifunza. Hatua ya kwanza ni kumtambua fundi katika kijiji au kitongoji. Serikali ya kijiji, washili wa koo za Wameru na malaigwanani wa Waarusha na Wamasai ni watu wa kuulizwa mapema, kwa kuwa wanawafahamu wazee wenye ujuzi na miiko inayoambatana na kila kazi.

Hatua ya pili ni kumwendea mzee kwa heshima, kwa salamu na kwa subira. Ufundi mwingi hufundishwa kwa kutumwa: kuleta udongo, kukata nyasi, kuchochea moto. Kijana anayetaka kufundishwa yote kwa siku moja huondoka na jina la kazi bila kazi yenyewe. Ni vyema pia wakubaliane mapema kuhusu malipo au posho ya mzee, gharama za malighafi, na ruhusa ya kupiga picha au kurekodi sauti. Anayejitolea ni mwanafunzi. Mzee hapaswi kulazimishwa kufundisha bure.

Hatua ya tatu ni kutafuta mahali pa kuonesha. Mkoani Arusha kuna Makumbusho ya Elimu Viumbe, yaliyomo ndani ya Boma la zamani la Wajerumani, na Makumbusho ya Azimio la Arusha, yanayohifadhi kumbukumbu za Azimio lililotangazwa tarehe 5 Februari 1967. Mwananchi anaweza kufika na kuulizia nafasi za kushiriki, hususan wakati wa Siku ya Makumbusho Duniani ambayo huadhimishwa tarehe 18 Mei kila mwaka. Maonesho ya Nanenane katika viwanja vya Themi ni fursa nyingine. Afisa Utamaduni wa Halmashauri ndiye kiungo kwa matamasha ya ngazi ya wilaya na mkoa.

Shule nazo zina nafasi yake. Mtaala ulioanza kutekelezwa mwaka 2024 una somo la Historia ya Tanzania na Maadili. Mwalimu anaweza kumwalika mzee kuonesha kazi yake shuleni, na vijana waliojifunza wakawa wasaidizi wake.

Ukweli na staha katika maonesho

Historia ya eneo hili ina mambo ya fahari na ya maumivu. Tarehe 17 Novemba 1951 serikali ya kikoloni ilianza kuwahamisha kwa nguvu Wameru wapatao 3,000 kutoka Ngarenanyuki na Leguruki, kaskazini mwa Kikatiti, ili kuwapisha walowezi wa Kizungu. Nyumba zilichomwa moto. Mwaka 1952 Kirilo Japhet alisafiri hadi New York na kuwasilisha malalamiko ya Wameru mbele ya Baraza la Udhamini la Umoja wa Mataifa.

Tukio kama hilo linastahili kusimuliwa, lakini wapo wananchi ambao wazazi wao walihamishwa. Waandaaji wanapaswa kuzungumza kwanza na familia hizo na kuepuka kuigiza mateso ili kuwafurahisha watazamaji. Njia yenye staha ni kuonesha kilichopotea: nyumba ilivyojengwa, zizi lilivyopangwa, na vyombo vilivyokuwamo. Hapo ujuzi wa fundi unakuwa ushahidi wa historia.

Aidha, mavazi na vifaa visitiwe chumvi. Kuchanganya mavazi ya makabila mbalimbali na kuyaita ya jamii moja humdanganya mtazamaji. Kama kamba iliyotumika ni ya nailoni kwa sababu ya asili haikupatikana, mtazamaji aelezwe.

Sheria za kuzingatia

Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009 inazuia kumiliki nyara bila kibali. Zamani ngozi za mbega na chui zilitumika katika mavazi ya sherehe. Leo anayejitolea asizitafute kwa ajili ya maonesho, kwani atajiingiza katika kosa la jinai. Vilevile, ukataji wa miti kwa ajili ya mizinga au nguzo unaongozwa na Sheria ya Misitu ya mwaka 2002, hivyo ushauri wa afisa misitu uombwe kabla ya kukata.

Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inalinda sanaa za jadi dhidi ya matumizi ya kibiashara yasiyo na idhini. Kijana aliyejifunza mchoro au wimbo wa jamii anapaswa kulitambua hilo kabla ya kuuuza kama mali yake binafsi.

Kutoka kujitolea hadi kipato

Ufundi usiomwingizia mtu kipato ni vigumu kudumu. Vijana na wanawake waliojifunza wanaweza kuunda vikundi na kuvisajili kwa msaada wa Afisa Maendeleo ya Jamii wa kata. Halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa ajili ya mikopo, asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Shirika la Kuhudumia Viwanda Vidogo (SIDO), lililoanzishwa mwaka 1973, nalo hutoa mafunzo na ushauri kwa wajasiriamali wadogo. Aidha, watalii wanaokwenda Hifadhi ya Taifa ya Arusha na hifadhi nyingine za kaskazini ni soko lililo karibu na Kikatiti.

Wananchi wanashauriwa wasisubiri tamasha litangazwe ndipo waanze kujifunza. Tamasha huandaliwa kwa wiki chache, lakini mkono wa fundi huchukua miaka kuiva, na mzee aliyepo mwaka huu huenda asiwepo mwaka ujao. Kila familia inaweza kuanza na swali moja kwa bibi au babu aliyepo nyumbani: kazi gani ya mikono aliijua, na nani amekwishamfundisha. Kama jibu ni kwamba hakuna aliyefundishwa, kazi ya kujitolea ianzie hapo.