Misitu ya Pwani ya Kenya: Njia ya Miguu na Haki ya Jirani

Zinapotajwa hifadhi za nchi jirani ya Kenya, watu wengi hufikiria nyika za Tsavo na Amboseli, ambako mgeni huwatazama tembo na simba akiwa ndani ya gari. Pwani ya nchi hiyo ina hifadhi za namna nyingine. Hizo ni misitu midogo na mikoko iliyopakana na mashamba, nyumba na mahoteli, na mgeni huiona kwa kutembea kwa miguu. Njia inayopitishwa katika msitu wa namna hiyo yaweza kuonekana kuwa jambo dogo. Hata hivyo, mambo yaliyotokea huko tangu miaka ya 1990 yanaonyesha kwamba katika njia hiyo ndipo suala zima la hifadhi linapoamuliwa: nani aingie msituni, kwa masharti ya nani, na faida imwendee nani.

Suala hilo ni zito kwa sababu msitu uliobaki ni mchache. Zamani misitu ya pwani ya Afrika Mashariki ilikuwa kama mkanda mrefu ulioanzia kusini mwa Somalia, ukapita Kenya na Tanzania hadi Msumbiji. Leo mkanda huo umekatikakatika. Nchini Kenya kipande kikubwa kuliko vyote ni msitu wa Arabuko-Sokoke, ulioko kati ya Kilifi na Malindi, wenye eneo la kilomita za mraba zipatazo 420. Humo huishi sange mwenye kiuno cha rangi ya dhahabu, mnyama mdogo mwenye pua ndefu ambaye kwa sehemu kubwa msitu huo ndio maskani yake. Humo pia yumo bundi mdogo wa Sokoke, ambaye nje ya hapo anajulikana katika mahali pachache mno, pakiwemo katika misitu ya chini ya Usambara ya Mashariki nchini Tanzania.

Lakini kuuzunguka msitu huo wanaishi maelfu ya wakulima wa mahindi, mihogo na minazi. Kwa miaka mingi wao waliupata msitu kwa hasara. Tembo na nyani walitoka humo kuja kula mazao yao, na wao walipoingia kutafuta kuni au miti ya kujengea walikamatwa. Haishangazi, basi, kwamba mwanzoni mwa miaka ya 1990 wengi wao walitaka msitu huo, au sehemu yake, ukatwe na ugawanywe kuwa mashamba. Madai yao hayakutokana na ujinga. Mtu aliyenyimwa faida ya kitu na kuachiwa madhara yake hawezi kutarajiwa kukilinda.

Hapo ndipo umuhimu wa njia unapoonekana. Msitu usio na njia iliyopangwa hauna maana kwamba haupitwi na watu. Kwa kawaida huwa una vijia vingi vya siri: cha mtega nyaya, cha mchoma mkaa, cha mkata muhuhu anayepeleka magogo kwa wachonga vinyago. Njia moja iliyopangwa, yenye kiongozi na yenye kupitwa kila siku, hufanya kazi tatu kwa pamoja. Kwanza, huizuia miguu ya watu isikanyage miche na makazi ya wanyama. Pili, huweka macho ndani ya msitu, kwani mti uliokatwa usiku huonekana asubuhi. Tatu, huleta ada inayoweza kuhesabiwa na kugawanywa. Kazi hizo zote hutegemea kama anayeilinda njia ni mwenyeji au ni mtu wa mbali.

Wakazi wa pwani ya Kenya hawakungoja wataalamu wa kigeni kuwafundisha jambo hilo. Makabila tisa ya Mijikenda, yaani Wagiriama, Wadigo, Waduruma, Warabai, Wakauma, Wachonyi, Wajibana, Wakambe na Waribe, yana misitu yanayoiita kaya. Mapokeo yao yanasimulia kwamba wazee wao walihama kutoka Singwaya, upande wa kaskazini, wakajenga vijiji vyenye maboma katikati ya misitu minene ili kujikinga na maadui. Katikati palikuwa na uwanja wa makazi, na msitu wenyewe ulikuwa ukuta. Kuingia kulikuwa kwa njia maalumu zilizopita katika malango, na kinga ya kaya, iitwayo fingo, ilifukiwa mahali palipojulikana na wazee tu.

Kwa hiyo, tangu mwanzo njia ilikuwa sheria. Mtu hakuruhusiwa kuiacha, wala kukata mti, wala kuchunga mifugo humo. Aliyekosa alitozwa faini ya kuku au mbuzi ili kuitakasa kaya. Watu walipoanza kutoka katika kaya na kuishi karibu na mashamba yao, na hatimaye makazi hayo kuachwa kabisa katika nusu ya kwanza ya karne ya 20, masharti yalibaki, kwa sababu kaya zilibaki kuwa mahali pa makaburi, matambiko na mashauri ya wazee. Matokeo yake yanaonekana hadi leo: kilima kilicholimwa pande zote, na juu yake msitu uliosimama kwa sababu ya mwiko.

Mwiko pekee haukutosha zama za biashara ya ardhi zilipofika. Utalii ulipopanda katika fukwe za kusini mwa Mombasa, kila kiwanja kilicho karibu na bahari kilipata bei, na baadhi ya kaya zilimegwa. Tangu mwaka 1992 Serikali ya Kenya ilianza kuzitangaza kaya kuwa kumbukumbu za taifa chini ya Makumbusho ya Taifa. Mwaka 2008 Shirika la Umoja wa Mataifa la Elimu, Sayansi na Utamaduni, UNESCO, liliingiza baadhi ya misitu hiyo katika orodha ya Urithi wa Dunia, na mwaka 2009 mila zinazohusiana na kaya ziliwekwa katika orodha ya mila zinazohitaji kuokolewa haraka.

Miongoni mwa kaya zilizomo katika orodha hiyo ni Kaya Kinondo, ya Wadigo wa Kwale, karibu na fukwe za Diani na Galu. Ni msitu wa hekta zipatazo 30 tu, uliosimama juu ya mawe ya matumbawe. Tangu mwaka 2001 wenyeji wake wamekuwa wakiwapokea wageni kwa masharti ya wazee. Kila mgeni, awe tajiri au maskini, hufungwa kaniki kiunoni kabla ya kuingia. Mwenye kofia huivua. Sauti hupunguzwa, wapenzi hawaruhusiwi kubusiana humo, na hakuna ruhusa ya kuokota hata jani. Kiongozi, ambaye ni mwenyeji, hueleza mti gani hutibu homa, mti gani hutumiwa na wazazi, na mahali gani mgeni asifike. Mahali hapo pasipofikiwa ndipo penye maana kubwa kuliko pote, kwa kuwa mwenye haki ya kusema "hapa mwisho" ndiye mwenye mali. Sehemu ya ada hutumika kwa mahitaji ya kijiji.

Upande wa kaskazini, Arabuko-Sokoke, mpango ulichukua sura nyingine. Mwaka 1993 ulianzishwa huko Gede mradi uitwao Kipepeo. Wakulima wanaoishi kando ya msitu hukamata vipepeo wachache wa mbegu, huwafuga, na kuuza wadudu hao wakiwa bado katika maganda yao kwa nyumba za maonyesho za nchi za nje. Kwa mara ya kwanza msitu uliosimama ulimpa mkulima fedha mkononi, na baada ya miaka michache watafiti waliona kwamba madai ya kutaka msitu ukatwe yalikuwa yamepungua miongoni mwa majirani.

Mwaka 2001 ulifuata mpango wa kuwasomesha watoto kwa fedha za matembezi, chini ya shirika la hifadhi la A Rocha Kenya. Katika Hori ya Mida, ambayo ni sehemu ya hifadhi ya bahari ya Watamu iliyoanzishwa mwaka 1968, lilijengwa daraja jembamba la mbao lililoning'inizwa kati ya mikoko, lenye urefu wa zaidi ya mita 200. Mgeni hupita juu ya matope bila kukanyaga mizizi ya mikoko wala mashimo ya kaa, akafika katika kibanda cha kutazamia ndege. Huko, maji yanapokupwa, huonekana makundi ya ndege waliosafiri kutoka Ulaya na Asia, na wengine wala kaa ambao huzaliana katika pwani za Uarabuni. Ada ya daraja hilo husaidia kulipa karo za shule za sekondari za watoto wa familia maskini zinazoishi kando ya msitu na hori, nazo familia hizo huahidi kushiriki katika kuulinda.

Hebu na utazamwe uzito wa jambo hilo. Mzazi ambaye binti yake yuko kidato cha pili kwa fedha za mikoko humwona mkata mikoko kuwa mtu anayemnyang'anya mwanawe kitabu. Askari mmoja wa msitu hawezi kulinda hori nzima, lakini wazazi mia wanaweza. Sheria ya Misitu ya Kenya ya mwaka 2005, na ile ya mwaka 2016 iliyochukua nafasi yake, zimelikubali wazo hilo kwa kuwapa wananchi wanaopakana na misitu nafasi ya kuunda vyama na kushirikiana na Serikali katika kuisimamia.

Pamoja na mafanikio hayo, ingekuwa kosa kudhani kwamba tatizo limekwisha. Ada za njia hutegemea wageni, na wageni ni kama maji ya bahari: hujaa na hukupwa. Machafuko ya Likoni ya mwaka 1997, maonyo ya usalama yaliyotolewa na serikali za nchi za Ulaya mwaka 2014, na maradhi ya korona yaliyofunga safari mwaka 2020, yote yaliipunguza mikono inayolipa langoni. Karo ya mtoto haingoji watalii warudi. Kwa hiyo njia ya msituni haiwezi kuwa kitega uchumi cha pekee. Lazima iambatane na asali, vipepeo, miche na kilimo bora, na lazima iwakaribishe pia wanafunzi na wananchi wa nchi yenyewe kwa ada wanayoimudu.

Tatizo la pili ni la fedha kidogo kugawanywa kwa watu wengi. Mali bila daftari hupotea bila habari. Hesabu za langoni zikifichwa, wenyeji huanza kuwatazama viongozi wa matembezi kama walivyowatazama zamani maaskari wa msitu, na vijia vya siri hufunguka tena.

Tatizo la tatu ndilo la kuhuzunisha zaidi. Nguvu ya kaya ni wazee, na wazee wenyewe wamo hatarini. Vijana wengi wamekwenda mijini kutafuta kazi, na baadhi yao huziona mila za kaya kuwa kinyume cha dini zao. Katika Kaunti ya Kilifi wazee wameuawa kwa kusingiziwa uchawi, na mara nyingi nyuma ya tuhuma hizo pamekuwapo ugomvi wa ardhi. Msitu unaweza kuzungushiwa waya na kuandikwa katika orodha ya dunia, lakini mzee akiuawa hufa pamoja na majina ya miti na sababu za mwiko. Kuulinda msitu na kuwalinda wazee ni kazi moja.

Habari hizi zinaihusu Tanzania kwa karibu. Wadigo wanaishi pande zote mbili za mpaka, Kwale na Tanga, na mikoko haitambui mipaka. Huko Unguja, katika Hifadhi ya Taifa ya Jozani na Ghuba ya Chwaka, iliyotangazwa mwaka 2004, pia kuna njia ya mbao inayopita katika mikoko ya Pete, na wageni wengi huja kumwona kima punju, ambaye kwa asili ni wa Unguja peke yake. Huko nako wakulima walilalamika kwamba kima hao wanakula mazao yao, na huko nako ilibidi sehemu ya ada za wageni iwarudie wanavijiji. Tatizo ni moja, na dawa inafanana.

Fundisho la pwani ya Kenya ni kwamba kuchonga njia katika msitu ni rahisi. Mafundi na mbao hupatikana. Kazi ngumu ni kuhakikisha kwamba mwenyeji ndiye anayefungua lango, kwamba daftari la ada husomwa mbele ya kijiji, na kwamba neno la mzee asemaye "hapa mwisho" linaheshimiwa hata na mwenye fedha nyingi. Mahali ambapo mambo hayo matatu yametimizwa, msitu umepata walinzi wasiolala. Mahali yalipokosekana, njia iliyofunguliwa kwa ajili ya wageni yaweza kugeuka barabara ya kutolea magogo.