Mchongoma wa Homa Bay na Migori

Mji wa Homa Bay uko ufuoni mwa Ziwa Victoria, chini ya kilima cha Asego. Mtu atokaye hapo kwa baisikeli kwenda bara hana njia ya kukwepa mpando, kwa maana ziwa ndilo mahali pa chini kabisa katika nchi ile. Uso wake uko meta 1,134 hivi juu ya bahari, na vijiji na masoko ya bara yako juu zaidi. Wazee wa Pwani walisema kwamba mchongoma kuupanda si kitu, kuushuka ndio ngoma. Hawakuwa wakinena habari za baisikeli, lakini hapana methali imfaayo zaidi kijana atakaye kuuzunguka Homa Bay na Migori kwa nguvu za miguu yake.

Mzunguko wenyewe ni huu. Msafiri hutoka Homa Bay, akapanda hadi Rodi Kopany, na kutoka hapo akafuata barabara ya Rongo. Rongo huikuta barabara kuu itokayo Kisii kwenda mpaka wa Tanzania, naye huifuata kupitia Awendo mpaka Migori. Migori huiacha barabara kuu, akageuka kuelekea magharibi kupitia Masara, akateremka mpaka Sori katika ghuba ya Karungu. Hapo analiona ziwa mara ya pili. Kisha hupanda tena kupitia Ndhiwa, akarudi Rodi Kopany, na kuteremka Homa Bay alikoanza. Safari yote haipungui kilometa 150, na Mto Kuja huvukwa mara mbili.

Yafaa msomaji aitazame sana hesabu ya njia hii. Ziwa ni lile lile, na uso wake ni mmoja, Homa Bay na Sori. Basi kimo chote ambacho msafiri amekipata kwa jasho tangu asubuhi, akifika Sori amekwisha kukirudisha chote. Mchana umekwenda, miguu imechoka, na mpando wa pili ungali mbele yake. Hili ndilo jambo linalowashinda vijana wengi wenye nguvu: hutumia mali yao yote katika kilima cha kwanza kana kwamba hapana kilima kingine.

Mpando una bei yake, na bei hiyo haipunguzwi kwa maneno. Mtu wa kilo 60 akiwa juu ya baisikeli ya kilo 20 ni sawa na madebe manne ya maji. Rongo iko juu ya ziwa kwa zaidi ya meta 200, yaani karibu mara mbili ya kimo cha jengo la KICC mjini Nairobi. Basi mpanda baisikeli afikaye Rongo ameyainua madebe hayo manne kimo hicho chote kwa mapaja yake. Akifunga gunia la mahindi la kilo 90 nyuma, mzigo umezidi maradufu.

Watu wa Nyanza waliijua hesabu hii zamani. Kwa Wajaluo baisikeli, ambayo wao huiita ndiga, haikuwa chombo cha mchezo. Ilichukua samaki kutoka ufuoni, maziwa, magunia, na hata wagonjwa. Kazi ya kuchukua abiria kwa baisikeli ilianza mpakani Busia katika miaka ya 1960, ikaenea magharibi yote ya Kenya kabla pikipiki hazijaishika kazi hiyo. Baisikeli nyeusi iliyotumika, ile iitwayo Black Mamba, ni ya chuma, ina uzito wa kilo 20 au zaidi, na haina gia za kubadilisha. Mwenye chombo hicho alipofika penye mpando mkali alishuka akaisukuma, wala hakuona aibu. Alijua kwamba afikaye juu akiwa na pumzi ni bora kuliko afikaye akiwa na sifa.

Mwenye baisikeli ya gia hupata msaada mkubwa, lakini akumbuke kwamba gia haipunguzi kazi. Huigawanya tu katika mizunguko mingi myepesi. Gia nyepesi hutiwa kabla ya mpando kuwa mkali, wakati pedeli zingali laini. Angojaye mpaka mguu ukwame, halafu akabadilisha kwa nguvu, huweza kuukata mnyororo au kuung'oa mahali pake. Katika kupanda yafaa mtu akae kitini, apumue kwa taratibu, na aende mwendo ambao angeweza kusema maneno machache na mwenzake. Asiende kwa kuyumba upande mmoja wa barabara hadi mwingine ili kupunguza ukali wa kilima, kwa sababu gari litokalo nyuma halitajua nia yake.

Onyo hilo ni la maana zaidi kati ya Rongo na Migori. Barabara ile ni ya malori na mabasi yaendayo mpakani Isebania, na Awendo ni nchi ya miwa. Wakati wa mavuno matrekta huvuta matela yaliyojaa miwa kuelekea kiwandani, na miwa mingine huchomoza nje ya tela. Mpanda baisikeli mwenye busara hukaa upande wake wa kushoto, huvaa nguo yenye rangi ya kuonekana mbali, na akisikia mzigo mkubwa nyuma yake huiacha lami bila kubishana.

Kutoka Migori kwenda Sori ndipo ngoma ya mchongoma inapoanza. Jasho hukauka, upepo wa ziwa hupiga usoni, na kijana huona kwamba sasa ni wakati wa kulipwa. Lakini mwendo una sheria yake. Kasi ikiongezwa mara mbili, nguvu iliyomo katika chombo huwa mara nne, na nafasi inayohitajika ili breki zikisimamishe huwa mara nne pia. Ambaye angeweza kusimama kwa meta 5 akienda kilometa 20 kwa saa atahitaji meta 20 akienda kilometa 40. Mbuzi avukaye njia hatazingoja meta hizo.

Kwa hiyo breki hujaribiwa juu ya kilima, si katikati ya mteremko. Breki zote mbili hushikwa pamoja, na mwendo hupunguzwa kabla ya kona, wala si ndani yake. Juu ya changarawe breki ya mbele isikazwe ghafula, kwa maana gurudumu la mbele likiteleza mtu hana muda wa kujiokoa. Mvua ikinyesha, rimu za chuma huteleza na breki hushika kwa uvivu. Yafaa ziguswe kidogo kidogo mapema ili maji yafutike. Matairi yaliyolika, nyaya zilizochakaa na mpira wa breki uliokwisha ni mambo ya kutengenezwa nyumbani.

Hata ustadi haumwondolei mtu hatari. Suleiman Kangangi, Mkenya aliyeshika nafasi ya tatu katika Tour du Rwanda ya mwaka 1917+100, yaani 2017, alikuwa miongoni mwa waendeshaji hodari wa Afrika Mashariki. Mwezi wa Agosti 2022 alianguka akiwa katika kasi kubwa kwenye mashindano ya barabara za changarawe katika jimbo la Vermont, Marekani, akafariki. Ikiwa bingwa aliyeizoea kazi hiyo miaka mingi aliweza kupatwa na ajali, kijana wa kawaida hana haki ya kuudharau mteremko.

Baada ya Sori huja mpando wa pili. Katika nchi hii ya Migori ya magharibi ziko kuta za Thimlich Ohinga, ambazo UNESCO iliziandika katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2018. Kuta hizo za mawe, nyingine zikifika kimo cha meta 4 na zaidi, zilijengwa bila saruji wala udongo wa kushikisha. Kila jiwe lilichaguliwa likakaa mahali pake. Mpando wa pili hutaka subira ya namna hiyo. Asiyekunywa maji wala kula kitu tangu Rongo ataujutia uvivu wake hapa. Maji, ndizi, na kipande cha muwa ni msaada usiohitaji duka kubwa.

Ulimwengu mzima uliiona nguvu ya mzunguko wa vilima tarehe 28 Septemba 2025, mashindano ya dunia ya barabara yalipofanyika Kigali, mara ya kwanza katika bara la Afrika. Wanaume walikwenda kilometa 267.5, wakirudia vilima vile vile mara kwa mara. Walioanza walizidi 160. Waliomaliza walikuwa 30 tu. Tadej Pogačar wa Slovenia alishinda.  Wengi walishindwa na vilima vilivyorudi tena na tena.

Liko jambo la mwisho, nalo ni la saa. Mtu akipanda kilometa 10 kwa mwendo wa kilometa 10 kwa saa, na akashuka kilometa 10 kwa mwendo wa 40, wengi husema mwendo wake wa wastani ni 25. Sivyo. Kupanda kumechukua dakika 60 na kushuka 15; kilometa 20 kwa dakika 75 ni mwendo wa 16 tu. Muda uliopotea katika mpando haurudishwi na mteremko, hata mtu akimbie kama mshale. Kijana ategemeaye 25 hudhani kilometa 150 ni kazi ya saa sita, akaondoka saa nne asubuhi ili awe nyumbani saa kumi. Kwa mwendo wa 16 safari hiyo ni ya zaidi ya saa tisa, bila kusimama. Giza litamkuta juu ya Homa Bay, bila taa, amechoka, na mteremko wa mwisho uko mbele yake.

Basi aondokaye alfajiri, akapanda polepole, akashuka kwa hadhari, ataliona ziwa mara ya tatu jua lingali juu ya maji. Atakuwa ameupanda mchongoma, na kuushuka pia.